Kukaa bila kigoda

Neno la kwanza la Kitamil nililolishika barabara halikuwa salamu. Lilikuwa "ukkaaru", yaani kaa. Mwalimu wangu alilitamka huku yeye mwenyewe amekaa raha mustarehe juu ya mkeka, mbele yake kibao cha mbao, mkononi kijiti kinene cha kupigia mapigo. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake, visigino vimegusana, vidole vya miguu vimeelekea pembeni, magoti nimeyakunja kuelekea kushoto na kulia. "Ukkaaru, ma." Nashuka kidogo. "Innum." Zaidi. Nashuka tena. Mapaja yanaanza kutetemeka kama jani la mgomba, naye hata hajagonga kibao chake mara moja.

Mkao ule unaitwa aramandi, na ndio nyumba ya Bharatanatyam, ngoma ya jadi ya kusini mwa India. Karibu kila hatua inaanzia hapo na kurudi hapo. Nimewahi kufikiri kwamba Kiswahili kingewafaa sana walimu wa Chennai, jiji la Watamil nilikojifunzia ngoma hiyo, kwa sababu sisi jambo lote tumelimaliza kwa neno moja: kaa ni kuteremsha makalio, kaa ni kubaki ulipo bila kuondoka, na kaa ni kile kinachowaka kwenye jiko la mkaa. Aramandi ni yote matatu kwa mpigo.

Nilifika Chennai mwaka 2014 kusoma shahada ya biashara, mtoto wa Tanga ambaye ngoma niliyoijua ni chakacha ya kwenye harusi. Kiuno changu kilikuwa hodari. Januari 2015 nikamfuata rafiki wa hosteli kwenye darasa lake la ngoma, kwa udadisi tu, na nikagundua kwamba huku kiuno hakitakiwi kabisa. Mwili wa juu unasimama wima kama mnazi, kiuno kimetulia, kazi yote iko nyayoni, mikononi na machoni. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mimi nilikuwa nacheza kwa wenyewe, na wenyewe hawatunzi, wanasahihisha. Mama nilipomwambia kwa simu aliuliza swali moja tu: "Unavaa nini?" Nikamtumia picha ya sari fupi ya mazoezi na suruali ndani yake. Akanyamaza siku mbili, kisha akaniandikia: "Haya. Kula vizuri."

Lakini ninayotaka kuyaeleza hasa ni ya pumzi, kwa sababu kwa miaka karibu miwili niliamini kwamba sina pumzi, nikaitafuta mahali ambapo haikuwa imepotelea.

Mwaka wa kwanza ulikwenda kwa adavu, zile hatua za msingi. Kila adavu huchezwa kwa kasi tatu: ya pili ni mara mbili ya ya kwanza, ya tatu ni mara mbili ya ya pili. Mgeni hudhani kasi ya tatu ndiyo inayoua. Inachosha kifua, ni kweli, lakini inaisha upesi. Inayoua miguu ni ya kwanza, ile ya polepole, kwa sababu unabaki chini muda mrefu, unanyanyua mguu mmoja na kuukita sakafuni huku mwili wote umeegemea paja la mguu mwingine, na baina ya pigo na pigo hakuna pa kujificha. Mimi nilikuwa najificha hivi: kila nikikita mguu napanda kidogo, kama inchi mbili, kisha narudi chini. Sikujijua. Akka, ndivyo tulivyomwita mwalimu, yaani dada mkubwa, alijua. Alikuwa ananiacha kwa makusudi.

Desemba 2015 Chennai ikafurika. Mvua za pwani ile huja mwisho wa mwaka, Oktoba hadi Desemba, lakini za mwaka ule zilipita kiasi. Mito ilimwaga, uwanja wa ndege ukafungwa, na mtaa wa darasa letu maji yalifika kiunoni. Hatukucheza kwa wiki tatu. Niliporudi nilikuta mikono inakumbuka kila kitu, lakini kifua kimesahau. Dakika kumi tu nilikuwa nahema kama mbwa wa mchana. Hapo nilijifunza kwamba pumzi ni mgeni asiyeaga: inachukua miezi kuja na wiki chache kuondoka. Tangu hapo sijawahi kuacha kabisa, hata nikiwa safarini, hata ikiwa ni dakika kumi na tano za kukita miguu bafuni.

Mwaka uliofuata nikaanza kufundishwa varnam. Kwa asiyeijua: onyesho kamili la Bharatanatyam lina mpangilio wake, unaoitwa margam, ambao husemwa ulitengenezwa na ndugu wanne wa Thanjavur mwanzoni mwa karne ya 19, Chinnayya, Ponnayya, Sivanandam na Vadivelu. Linafunguliwa na alarippu, kipande kifupi kinachoamsha macho, shingo, mabega, kisha mikono na miguu. Katikati ndipo inakaa varnam, ambayo peke yake inaweza kuchukua nusu saa au zaidi. Ndani yake kuna mafungu ya kazi ya miguu pekee, yaitwayo jati, ambayo mapigo yake hutamkwa kwa silabi, halafu beti za wimbo ambazo mchezaji anaziigiza kwa uso na mikono, halafu jati nyingine, hivyo hivyo, na nusu ya pili mwendo unakaza. Jati ya kwanza mara nyingi ndiyo kubwa, inapita kasi zote tatu. Ukiimaliza hiyo bila kupanga matumizi, umekula mshahara wote tarehe mosi.

Mimi niliula. Jioni moja Julai 2016, kwenye jati ya tatu, miguu iligoma. Sikuanguka, nilisimama tu katikati ya sakafu kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Wasichana wadogo wa miaka kumi, waliokuwa wakisubiri zamu yao ukutani, walinitazama kwa huruma ambayo bado inaniuma.

Akka aliweka kijiti chini. Akauliza, "Pumzi au miguu?"

Nikajibu bila kufikiri, "Pumzi, Akka."

"Basi niimbie jati hiyo. Sasa hivi. Yote."

Nikaitamka yote, silabi kwa silabi, mpaka mwisho, bila kukata. Akanitazama. Mtu aliyeishiwa pumzi hawezi kutamka jati nzima. Kumbe mapafu yalikuwa yamebaki na akiba; yaliyofilisika ni mapaja, na mapaja yakishindwa mwili unabeba uzito kwa mgongo na mabega, kifua kinabanwa, ndipo unadhani hewa imekwisha. Yale mapando yangu ya inchi mbili pia yalikuwa na gharama yake. Kila pando ni kuunyanyua mwili wote, na kwenye jati moja nilikuwa najinyanyua mara mia bila mtu kuniomba.

Dawa aliyonipa ilinikera. Alinirudisha kwenye tatta adavu, hatua za mwanzo kabisa ambazo watoto wa miaka saba hufundishwa, kwa kasi ya kwanza na ya pili tu, bila kusimama wima kati ya moja na nyingine. Akafunga uzi baina ya misumari miwili ukutani, juu kidogo ya utosi wangu nikiwa nimekaa vizuri. Nikiugusa, tunaanza upya. Siku ya kwanza nilidumu dakika nne. Ilinichukua miezi mitano kufika dakika ishirini. Nilikuwa nimetaka kukimbizwa, nikaambiwa nikae.

Hapa niseme kuhusu nyonga, kwa sababu wengi huharibikiwa hapa. Kule kugeuza nyayo pembeni hakutoki kwenye nyayo. Kunatoka kwenye nyonga. Ukilazimisha nyayo zitazame mbali zaidi ya pale nyonga zako zinaporuhusu, goti ndilo linalosokotwa, na goti halina subira. Kipimo changu ni rahisi: nikikaa, goti lazima liwe juu ya kidole cha pili cha mguu, lisidondokee ndani. Kama linadondoka, napunguza mgeuko, hata kama picha haitapendeza kama ya wale wa kwenye mabango ya msimu wa maonyesho wa Desemba. Niliwahi pia kwenda jimu moja ya karibu na hosteli, na mkufunzi akanibebesha vyuma mabegani nichuchumae navyo mpaka chini kabisa, kwa madai kwamba mchezaji ngoma lazima awe na mapaja ya chuma. Wiki ya pili magoti yalivimba. Kosa halikuwa vyuma. Hakuniuliza kama tayari nilikuwa nachuchumaa saa moja na nusu kwa siku.

Pumzi yenyewe nilikuja kuijenga baadaye, ufukweni. Mtaa wa Besant Nagar kuna ufukwe wanaouita Elliot's, na juu ya mchanga umesimama mnara mweupe wa kumkumbuka Karl Schmidt, aliyekufa maji mwaka 1930 akiwaokoa wengine. Saa kumi na moja alfajiri barabara ya pale inajaa wazee wanaotembea kwa miguu, wanaume wamevaa raba na seruni, wanawake wamevaa raba na sari. Mimi nilitoka hapo kwa mbio, kama mtu anayekimbizwa na deni, hadi karibu na kanisa la Velankanni na kurudi. Mwezi mmoja na nusu tu, miundi yote miwili ikaanza kuuma. Ukibonyeza mfupa kwa kidole unaruka. Unakita miguu peku kwenye sakafu ya saruji jioni, kisha unakimbia juu ya lami asubuhi: mfupa unajengwa saa ngapi?

Mtaalamu wa viungo niliyepelekwa alikuwa mama mfupi mwenye maneno machache. Hakunikandakanda. Aliniambia nisimame kwa mguu mmoja, nishike ukuta kwa vidole viwili, ninyanyue kisigino nishuke, taratibu, nihesabu. Wa kulia nilifika kumi na tisa. Wa kushoto kumi na moja, nikaanza kuyumba. Alitaka ishirini na tano kila mguu ndipo anirudishe kwenye kukita kwa nguvu. Halafu vivyo hivyo huku goti limekunjwa, maana chini ya shavu la mguu kuna msuli mwingine ambao hufanya kazi zaidi goti likiwa limekunjwa, na mchezaji wa Bharatanatyam anaishi akiwa amekunja goti. Miaka yote hiyo nilikuwa nadhani mashavu ya miguu ni ya wakimbiaji. Kumbe ndiyo godoro baina ya sakafu na muundi. Alinipunguzia pia ukitaji kwa wiki sita: nicheze kila kitu, lakini unyayo utue bila sauti. Jaribu. Kukita bila sauti ni kugumu kuliko kukita kwa kishindo, na kunaonyesha nani anashusha mguu na nani anauangusha tu.

Mbio zikarudi polepole sana. Mwendo ambao ningeweza kuzungumza, na nilizungumza kweli, nikizikariri jati kwa sauti huku nakimbia. Wazee wa ufukweni walinizoea. Mmoja alianza kunipigia tala, yaani mapigo ya kuhesabia muziki, kwa kofi kila nikimpita. Siku mbili kwa wiki tu ndipo nilipokaza, na nilikaza kwa kuiga varnam yenyewe: dakika moja ya kuruka kamba kwa nguvu, sawa na urefu wa jati, kisha dakika mbili za kutembea, sawa na beti la kuigiza. Mara tano, mara sita. Kilichonishangaza ni kwamba mpango huo ulikuwa umeshatungwa karne mbili kabla yangu. Mimi niliupa kamba tu. Kamba nilirukia juu ya paa la hosteli, baada ya dada wa chumba cha chini kuja kugonga mlango na mchi mkononi.

Kuna jambo ambalo hakuna mazoezi ya jimu yatakayokupa, nalo ni kupumua bila kuonekana. Jati inaisha, moyo unagonga kama ngoma ya msondo, na papo hapo wimbo unaanza na wewe ni mwanamke anayemsubiri bwana wake chini ya mti. Huwezi kutanua mdomo ukahema. Akka alinifundisha kutafuta sehemu ndani ya uigizaji ambapo pumzi inaruhusiwa. Anayesubiri hushusha pumzi. Anayelalamika kwa shoga yake huinua mabega. Anayenusa ua la asumini huvuta hewa ndefu kupitia puani, na hakuna hadhira itakayomlaumu. Nilizipanga nukta hizo kwenye daftari langu kwa kalamu nyekundu, kama dereva wa basi la mkoani anavyojua vituo vyote vya mafuta. Ua la asumini lilikuwa petroli yangu baada ya jati ya tatu.

Mwaka 2017 Ramadhani iliangukia mwishoni mwa Mei na Juni, wakati Chennai inachemka. Nilijaribu kujifanya jasiri siku nne za kwanza, nikacheza alasiri kama kawaida, ya tano nikaona nyota mchana. Tukabadilisha: mchana nilifanya mikono, macho na uigizaji nikiwa nimeketi, miguu ilisubiri baada ya futari, saa moja na nusu baada ya kula. Misikiti ya Watamil hugawa uji wa futari wanaouita nombu kanji, mchele na dengu vimepikwa na vitunguu saumu mpaka vikarojeka, na bakuli moja la uji ule lilinibeba kuliko sambusa zote nilizokuwa nikizililia. Wakati wa kawaida nilikunywa uji wa ulezi asubuhi, wenyewe wanauita ragi, nikajisikia nimefika nyumbani. Baada ya darasa, dafu la barabarani au mtindi uliozimuliwa maji ukatiwa chumvi, tangawizi na mvuje. Jasho la Chennai si la maji matupu. Nguo ikikauka inaacha mistari myeupe ya chumvi, na usipoirudisha chumvi hiyo, usiku misuli inaweza kukukamata kitandani.

Bado baada ya Ramadhani uchovu haukuondoka. Nilifika ghorofa ya pili nikihema, mimi niliyekuwa naruka kamba. Nikajiita mvivu. Akka ndiye aliyenitazama chini ya kope na kunituma hospitali: damu 9.4, na mwanamke anatakiwa awe na 12 kwenda juu. Vidonge vya madini ya chuma, mboga za majani na limau, na kahawa isogezwe mbali na chakula, kwani kahawa na chai hupunguza chuma kinachoingia mwilini. Kahawa ya Chennai yenye povu ndiyo iliyokuwa furaha yangu kila baada ya mlo, basi hapo nililia kwelikweli. Miezi mitatu baadaye nilikuwa mtu mwingine bila kuongeza zoezi hata moja. Kwa hiyo mwanamke akiniambia leo kwamba anacheza lakini pumzi haiji, kabla sijamuuliza anafanya mazoezi gani namuuliza kuhusu siku zake na damu yake.

Januari 2018 nilicheza varnam yote mbele ya watu, kwenye ukumbi mdogo wa mtaa wa Mylapore, watu kama sitini na mafeni yenye kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa yote isipokuwa nguo. Vazi lenyewe la hariri limekunjwa kama feni mbele ya miguu, mkanda wa dhahabu bandia umebana tumbo, nywele zimebeba asumini na mapambo, na njuga, zilezile njuga tunazozijua sisi, zimefungwa kifundoni, kengele za shaba juu ya pedi ya ngozi. Kwa mwaka mzima nilikuwa nimejizoeza kupumua kwa tumbo. Na sasa tumbo limefungwa. Jati ya kwanza nilicheza na hofu ya mtu aliyekabwa, hadi nilipogundua kwamba mbavu za pembeni bado ziko huru, nikapeleka hewa huko. Tangu siku hiyo nafanya mazoezi nikiwa nimejifunga kanga ya pili kiunoni, imebana hasa. Mwimbaji naye, kwa msisimko wa hadhira, alikwenda kasi kuliko mazoezini. Ua la asumini nililinusa mara mbili.

Nilirudi nyumbani mwaka 2019. Chumba changu Tanga kina vigae juu ya zege, sakafu mbaya kuliko zote kwa muundi, maana vigae havitoi kitu, vinakurudishia tu pigo lako. Nikamwita fundi seremala, nikamchorea ninachotaka: tabaka mbili za mbao zilizopishana, vipande vya tairi la bodaboda katikati, plaiwudi nene juu, futi nane kwa nane. Akakitazama kichoro, akakigeuza juu chini.

"Kitanda cha nani hiki, dada? Mbona hakina miguu?"

Nikamwambia miguu nitaiweka mimi. Alipomaliza, kabla ya kupokea chake, alivua ndala, akapanda juu, akaruka mara moja kwa woga, kisha mara tatu bila woga. Akashuka, akaitazama ile plaiwudi kama anayeitazama kazi ya mtu mwingine.

"Inanesa," akasema, akapanda tena.